Kama, Basi, Vinginevyo

Katika milima ya Upare, maji ya kumwagilia hayajawahi kugawanywa kwa kubahatisha. Vijito vingi vinavyoshuka kutoka katika misitu ya juu, kama ule wa Kindoroko ambao kilele chake hupita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hupungua sana wakati wa kiangazi, kiasi kwamba maji yake yakiachwa yaende moja kwa moja shambani hunywewa na udongo wa mfereji kabla hayajafika mbali. Kwa sababu hiyo wakulima wa Upare Kaskazini, ambako ndiko iliko kata ya Ngujini katika wilaya ya Mwanga, pamoja na wenzao wa Same, walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi tundu lizibuliwe na maji yatoke kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali. Utaratibu huo ni wa kale kuliko utawala wa Wajerumani, na umechunguzwa na wanahistoria na wahandisi wa maji kwa muda mrefu. Katika sura hii unaletwa kwa sababu nyingine: ndiva huendeshwa kwa masharti, na masharti ndiyo yanayoiwezesha programu ya kompyuta kufanya zaidi ya kurudia hesabu ile ile.

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine, kutoka juu kwenda chini. Orodha isiyo na sharti lolote hufanya jambo lile lile kila inapoendeshwa, iwe ndiva imejaa au imekauka. Kauli ya sharti huiwekea orodha hiyo njia panda: hutaja jambo la kupimwa, hutaja kitakachofanyika jambo hilo likiwa kweli, na mara nyingi hutaja pia kitakachofanyika likiwa si kweli. Mwanafunzi anayetaka kuandika programu ya kusimamia ndiva anaweza kuanza hivi:

KAMA kina_cha_maji >= 120 BASI
    zibua tundu
VINGINEVYO
    acha tundu limezibwa
MWISHO

Jina «kina_cha_maji» ni kigeu, yaani jina ambalo programu hulitumia kuhifadhi thamani inayoweza kubadilika, na hapa thamani hiyo ni kina kwa sentimita. Alama >= husomwa «ni kubwa kuliko au sawa na». Kompyuta ikifika kwenye mstari wa kwanza hulinganisha namba mbili, na ulinganishi huo hauzai namba bali huzaa thamani moja kati ya mbili tu, kweli au si kweli. Kigeu chenye kubeba thamani za aina hiyo huitwa kigeu cha Boole, kwa heshima ya mwanahisabati atakayetajwa baadaye kidogo. Lugha nyingi zinazofundishwa kwa wanaoanza, Python ikiwa miongoni mwao, hutumia maneno ya Kiingereza mahali pa KAMA na VINGINEVYO, lakini muundo wa wazo haubadiliki, na ni afadhali mwanafunzi aushike kwanza kwa lugha anayofikiria kwayo kabla ya kukariri maneno ya lugha ya programu.

Alama moja katika mstari huo inastahili kutazamwa kwa makini. Kama mwandishi angeandika > badala ya >=, programu ingefanya kazi vizuri siku zote isipokuwa siku ambayo maji yamefika sentimita 120 kamili, na siku hiyo tundu lingebaki limezibwa bila mtu kuelewa sababu. Makosa mengi ya masharti hukaa mpakani namna hii, mahali ambapo mtu akizungumza husema «maji yakifika hapa» bila kuulizwa kama «kufika» kunahesabu pale penyewe au kunaanzia juu yake. Mlinzi wa ndiva hujibu swali hilo kwa macho na busara yake, lakini kompyuta hujibu kwa alama iliyoandikwa tu.

Ndiva haizibuliwi kwa kutazama kina peke yake. Kanuni hutofautiana kati ya ndiva moja na nyingine, lakini sura ya jumla inafahamika kote Upare: mtumiaji hupata maji kwa zamu, naye hutarajiwa kushiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo jamii huitana kuifanya, kama kusafisha mfereji na kuondoa tope lililojaa bwawani, isipokuwa awe na udhuru unaokubalika kama ugonjwa au msiba. Kanuni hiyo ina masharti matatu yaliyounganishwa, na kuunganisha masharti ndiko kunakohitaji mantiki.

Viunganishi vya msingi ni vitatu. NA hutoa kweli pale tu pande zake zote mbili zinapokuwa kweli. AU hutoa kweli pale ambapo angalau upande mmoja ni kweli, hata zote mbili zikiwa kweli. SI hugeuza thamani iliyo mbele yake, kweli ikawa si kweli na si kweli ikawa kweli. Kiunganishi cha pili ndicho kinachowapotosha wanaoanza, kwa sababu katika mazungumzo mtu anayeambiwa achague chai au uji huelewa kwamba hatapewa vyote viwili, ilhali AU ya programu haimkatazi kupata vyote. Mtu aliyeshiriki msaragambo na papo hapo akawa na cheti cha daktari hajapoteza haki yake ya maji, na kwa hiyo AU inayotakiwa katika kanuni ya ndiva ni hii isiyotenga.

Aliyeigeuza mantiki hii kuwa aina ya hesabu ni George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln huko Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1815 na kujifunza sehemu kubwa ya hisabati peke yake, hadi mwaka 1849 alipopewa uprofesa katika mji wa Cork, Ayalandi. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1854 alionyesha kwamba sentensi za kweli na za uongo zinaweza kushughulikiwa kwa namba mbili tu, 1 na 0. Kweli ikiwa 1 na si kweli ikiwa 0, NA huwa ni kuzidisha, kwa kuwa 1 mara 1 ni 1 na zidisho lolote lenye 0 ni 0, na SI huwa ni kutoa thamani kutoka 1. Hesabu hiyo ina kanuni ngeni isiyokubalika katika namba za kawaida: x mara x daima ni x, kwa maana kusema jambo lile lile mara mbili hakuongezi ukweli wake. Ni vyema kujua pia kwamba Boole mwenyewe alitumia kujumlisha kwa makundi yasiyoingiliana tu, na kwamba AU isiyotenga iliingizwa na William Stanley Jevons mwaka 1864, mwaka ule ule Boole alipofariki. Mkanganyiko unaomsumbua mwanafunzi wa leo ulikuwa mjadala halisi baina ya wanamantiki wenyewe.

Kwa miaka zaidi ya 80 hesabu ya Boole ilibaki ya wanafalsafa na wanahisabati. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani akionyesha kwamba saketi za swichi za umeme zinafuata kanuni hizo hizo. Jambo hilo linaonekana vizuri kwenye mfereji wa maji. Milango miwili ikiwekwa mmoja baada ya mwingine kwenye mfereji mmoja, maji hufika shambani iwapo mlango wa kwanza na wa pili yote imefunguliwa, na hiyo ni NA. Mifereji miwili yenye mlango kila mmoja ikielekezwa shamba moja, maji hufika iwapo mlango wowote umefunguliwa, na hiyo ni AU. Shannon aliona umeme ukipita hivyo, na kutokana na maono hayo mashine za kukokotoa ziliweza kusanifiwa kwa algebra badala ya kubahatishwa kwa waya na koleo.

Sasa kanuni ya ndiva inaweza kuandikwa. Ichukuliwe kwamba programu ina vigeu vitatu vya Boole, «zamu_yake», «alishiriki» na «ana_udhuru». Mwanafunzi anayeandika kama anavyosema ataandika:

KAMA zamu_yake NA alishiriki AU ana_udhuru BASI
    apewe maji
MWISHO

Sentensi hiyo ikisomwa kwa sauti mbele ya wakulima wa Ngujini haitashtua mtu, kwa sababu kila msikilizaji ataiweka sawa kichwani mwake. Kompyuta hutekeleza NA kabla ya AU, kama vile katika hesabu kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha, na kwa hiyo huielewa hivi: apewe maji mtu ambaye ni zamu yake na alishiriki, au mtu yeyote mwenye udhuru. Kwa maneno mengine, mgonjwa ambaye zamu yake ni keshokutwa atapewa maji leo, na kesho, na kila siku atakapoyaomba, huku mwenye zamu akisubiri. Programu haina kosa la tahajia wala haitakwama, na mtu anaweza kuitumia msimu mzima wa kiangazi kabla malalamiko hayajakusanyika. Dawa yake ni mabano:

KAMA zamu_yake NA (alishiriki AU ana_udhuru) BASI

Njia ya kuaminika ya kugundua kosa la namna hii si kusoma tena na tena, kwa kuwa jicho lililoandika kosa hulisoma kama lilivyokusudia. Njia ni jedwali la ukweli, ambalo huorodhesha kila mchanganyiko unaowezekana wa thamani. Vigeu viwili vya Boole vina michanganyiko minne, vitatu vina minane, vinne vina kumi na sita, na kila kigeu kinachoongezwa huzidisha idadi mara mbili. Kwa vigeu vitatu vya ndiva, kauli yenye mabano na isiyo na mabano hukubaliana katika safu sita kati ya nane. Hutofautiana katika mbili tu, zile ambazo zamu si yake lakini udhuru anao, awe alishiriki msaragambo au hakushiriki. Mwanafunzi aliyejaribu programu yake kwa watu watatu au wanne anaowakumbuka anaweza kabisa kuzikosa safu hizo mbili.

Jedwali lina faida nyingine ambayo vitabu vingi vya programu huipita haraka. Linalazimisha kuulizwa maswali ambayo kanuni ya mdomo iliyaacha wazi. Je, mtu ambaye zamu yake imefika, hakushiriki, na udhuru wake unabishaniwa, apewe au asipewe? Katika mkutano wa watumiaji maji shauri la namna hiyo hujadiliwa likifika, wazee wakipima hali ya mtu, historia yake na wingi wa maji yaliyopo, na uwezo huo wa kuliacha shauri wazi hadi siku yake ni sehemu ya hekima iliyozihifadhi ndiva. Programu haina nafasi hiyo. Kila safu ya jedwali lazima iwe na jibu, na ikiwa mwandishi hakuulizwa atajijibia mwenyewe bila hata kutambua kwamba ameamua jambo. Kwa mtazamo wa sura hii, hilo ndilo zito kuliko yote katika somo la masharti: anayeandika KAMA anatunga sheria, na wanaoishi chini ya sheria hiyo wana haki ya kuiona.

Kanushi nayo inahitaji uangalifu. Ikiwa programu inatakiwa itoe orodha ya watakaonyimwa maji, inatosha kuweka SI mbele ya sharti zima lililo ndani ya mabano. Wengi hujaribu kuipeleka SI ndani, wakikanusha kila kigeu na kuacha viunganishi kama vilivyo, na matokeo huwa ni kanuni tofauti kabisa. Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806 na kufundisha hisabati London, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni sahihi: SI ikiingia ndani ya mabano, kila NA hugeuka AU na kila AU hugeuka NA. Hivyo atakayenyimwa maji ni yule ambaye si zamu yake, au ambaye hakushiriki wala hana udhuru. Msemaji wa Kiswahili hulifanya geuzo hilo la pili bila kufikiri kila anaposema «wala», na ni jambo la kufurahisha kwamba kanuni inayowatoa jasho wanafunzi darasani imo tayari kinywani mwao.

Masharti mengine hayana njia mbili bali nyingi, na mfano ulio karibu na kila mwanafunzi wa Tanzania ni gredi za mtihani wa kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa A kwa alama 75 hadi 100, B kwa 65 hadi 74, C kwa 45 hadi 64, D kwa 30 hadi 44, na F kwa zilizo chini ya hapo. Programu huandikwa kwa mnyororo wa masharti:

KAMA alama >= 75 BASI gredi ni A
LAKINI KAMA alama >= 65 BASI gredi ni B
LAKINI KAMA alama >= 45 BASI gredi ni C
LAKINI KAMA alama >= 30 BASI gredi ni D
VINGINEVYO gredi ni F
MWISHO

Kompyuta hushuka mnyororo huu na kusimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli, bila kuyatazama yanayofuata. Ndiyo maana mstari wa pili hauhitaji kusema «na iwe chini ya 75»: aliyefika hapo tayari amejulikana kuwa chini ya 75. Lakini mpangilio ukigeuzwa, sharti la 30 likatangulia, basi kila aliyepata 30 au zaidi, hata mwenye 98, atapewa D. Anayependa kuwa mwangalifu anaweza kuandika kila mpaka kwa pande zote mbili, 30 hadi 44, 45 hadi 64, na kadhalika, lakini uangalifu huo una mtego wake, kwani ikiwa alama ni wastani wenye desimali, mwenye 44.5 hataangukia kundi lolote kati ya hayo na atachukuliwa na VINGINEVYO, yaani apewe F. Mnyororo usiorudia mpaka ni salama zaidi.

Upare unao mfano wa kihistoria wa mnyororo ambao mipaka yake haikuonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kupitia watawala wa jadi, ilileta kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, ikajulikana kwa jina la mbiru. Kwa maandishi, kodi ya namna hiyo ni mnyororo wa masharti: mwenye mali kiasi hiki alipe hivi, mwenye kiasi kile alipe vile. Wapare hawakukataa kulipa kodi, bali walipinga namna watu walivyokadiriwa, na walikuwa tayari kutozwa kiwango kimoja kwa wote kuliko kupangwa katika madaraja kwa vigezo wasivyoviamini. Januari 1945 maelfu yao walikusanyika Same kwenye makao ya wilaya, upinzani ukaendelea, na wanawake wa Usangi nao wakaingia katika harakati hizo, hadi kodi hiyo ikaachwa kabla ya muongo kwisha. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye aliandika historia ya siasa ya Wapare, alichapisha kitabu kuhusu tukio hilo mwaka 1971. Sababu ya kulitaja katika kitabu cha programu ni kwamba makadirio mengi ya leo, ya mkopo wa simu au ya kustahili ruzuku, hufanywa na minyororo ya KAMA ambayo anayekadiriwa haioni, na swali la Wapare wa mwaka 1945 linafaa kuulizwa kila inapotumika.

Kuna kosa jingine linalotokana na namna watu wanavyofupisha maneno. Anayetaka kuhesabu waliofaulu vizuri husema «mwenye gredi A au B», kisha huandika:

KAMA gredi == A AU B BASI

Alama == huuliza kama pande mbili ni sawa, tofauti na alama moja ya = ambayo katika lugha nyingi huweka thamani ndani ya kigeu. Tatizo ni kwamba AU huunganisha kauli kamili, na upande wake wa kulia hapa umebaki na herufi tu isiyouliza chochote. Katika Python, herufi hiyo ikiandikwa ndani ya alama za nukuu huhesabiwa kuwa kweli daima, na hivyo sharti zima huwa kweli kwa kila mwanafunzi, pamoja na aliyepata F. Kauli inayotakiwa ni «gredi == A AU gredi == B», hata kama sikio linaiona ni ya kurudiarudia.

Kilichobaki ni neno VINGINEVYO lenyewe, ambalo humeza kila kitu ambacho hakikutajwa. Katika mnyororo wa gredi limekusudiwa kwa waliopata chini ya 30, lakini litampokea pia mwenye alama hasi iliyoingizwa kimakosa, ilhali karani akiandika 750 badala ya 75, sharti la kwanza litampa mtahiniwa A bila kusita. Programu nzuri huanza kwa kukataa yasiyowezekana, kwa sharti «alama < 0 AU alama > 100», na hapo ndipo wengi huandika NA badala ya AU, wakipata sharti ambalo haliwezi kuwa kweli kamwe, kwa kuwa hakuna namba iliyo chini ya 0 na papo hapo juu ya 100.

Mgumu kuliko hao ni mtahiniwa ambaye hakufika kwenye mtihani. Alama yake si 0, kwani 0 ni alama ya mtu aliyekaa akafanya akakosa yote. Yeye hana alama. Programu inayohifadhi 0 mahali pake itamwandikia F, na inayoacha kigeu kitupu inaweza kukwama pale inapojaribu kulinganisha utupu na 75. Lugha nyingi hutoa msaada kwa namna zinavyotekeleza NA: upande wa kushoto hupimwa kwanza, na ukiwa si kweli upande wa kulia hauguswi kabisa, kwa sababu jibu limeshajulikana. Hivyo «alifanya_mtihani NA alama >= 30» ni kauli salama, lakini «alama >= 30 NA alifanya_mtihani» si salama, ingawa katika algebra ya Boole hizo mbili ni kitu kimoja. Katika mnyororo wa gredi, hatua hiyo huwekwa juu kabisa, kabla ya A: kama hakufanya mtihani, andika ABS, kama matokeo ya Baraza yanavyoandika, na masharti ya alama yaachiwe waliokuwapo.